Mama Leicester Yuko Nakuru

Mwaka ule wa 2008 kila mtu Nakuru alikuwa na swali la kuiuliza Uingereza, na aliyekuwa na muda wa kujibu ni mtu mmoja tu. Alijiita Mama Leicester, na makao yake yalikuwa Barazani, ukumbi wa mtandaoni ambako Wakenya walibishana kutwa kucha juu ya nchi ambazo wengi wao hawajawahi kuzikanyaga. Waliuliza kama ni kweli serikali ya huko inampa kila mgeni nyumba. Akawaambia yeye alipanga chumba kimoja miaka sita, na ukuta wake ulikuwa ukitoa maji. Wakauliza kama mtu akizima kompyuta ya saiba, lile duka la intaneti, kabla barua pepe haijafika Uingereza, barua hiyo inapotea njiani. Akawaambia hapana, ikishatumwa imetumwa, hata saiba yenyewe iungue. Wakauliza kama ni kweli huko mtu hulipia leseni ya kutazama televisheni yake mwenyewe. Hilo akasema ni kweli tupu, na hilo ndilo walilokataa katakata kuliamini.

Nyakio alizipata habari hizi kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mumewe, Kamande, aliyefanya vibarua vya mjengo na kila Jumamosi akapitia saiba kwa shilingi moja kila dakika, kisha akarudi chumbani kwao Kaptembwo kumsimulia aliyoyasoma. Ya pili ilikuwa kazini kwake. Nyakio alikuwa akifanya kazi za nyumba kwa Paresh, muuza vipuri vya magari aliyekaa Milimani, na katika nyumba ile aliishi dada yake Paresh, Daksha, mwanamke wa miaka arobaini na ushei. Daksha alikuwa ameishi Leicester miaka kumi na minne. Majirani na watu wa hekaluni waliambiwa amekuja likizo. Likizo hiyo sasa ilikuwa imeingia mwaka wa tatu, na mume hakuonekana wala hakutajwa.

Kila asubuhi Daksha alikaa kwenye kompyuta iliyowekwa koridoni, kikombe cha chai pembeni, akipiga chapa upesi upesi. Siku moja Nyakio akiwa anapiga deki alimsikia akicheka peke yake.

"Nyakio, sikia huyu," Daksha alisema. "Anauliza kama Malkia analipa bili ya stima."

Nyakio alicheka kwa adabu, akakamua tambara, akaendelea. Jumamosi hiyo, Nyakio akipakua githeri, Kamande alimwambia kuna mjinga mmoja Barazani aliyemuuliza Mama Leicester kama Malkia analipa stima. Upawa ulimsimama Nyakio mkononi. Hata hivyo aliendelea kupakua. Kazi ile aliipata mwezi Machi, wakiwa bado wanalala hemani pale uwanja wa maonyesho pamoja na wengine waliofukuzwa mashambani katika fujo za uchaguzi, na alikuwa ameishika kwa sababu alijua kufunga mdomo.

*

Mwezi Septemba Kamande alirudi na karatasi mbili zilizochapishwa saiba. Alizinyoosha juu ya kitanda, kwa kuwa meza haikuwepo, akamwita mkewe azisome. Nyakio aliishia darasa la saba na Kiingereza chake kilikuwa cha kusukuma, lakini maneno ya juu yalikuwa makubwa na meusi: UK SETTLEMENT SCHEME.

"Setelementi," alisema Kamande, kama vile wazee wa kwao Molo walivyolitamka neno hilo. "Imerudi."

Mtu wa mahali pengine angelipita neno lile bila kugeuka. Mtu wa Molo hawezi. Baba yake Kamande alikuwa mchunga kondoo wa mzungu, na miaka ya sitini, mzungu alipokuwa akifunga virago, ilikuja habari kwamba Uingereza imetoa pesa ili mashamba yagawiwe watu. Ilitakiwa mtu alipe kitu kidogo kwanza, kisha apewe namba yake. Mzee aliuza kondoo wake wote watatu, akalipa. Rafiki yake Kahiga alikataa. Kahiga alisema mtu aliyekunyang'anya ng'ombe hawezi kukuuzia maziwa kwa bei nafuu. Watu walimcheka mzee wake Kamande hadi siku alipoonyeshwa vigingi vya ekari zake. Kahiga, kwa akili zake nyingi, alizeekea kibandani kando ya barabara kuu pale Sachangwan, akiwauzia wenye malori mahindi ya kuchoma.

Kwa hivyo hadithi ile katika ukoo wao ilikuwa na funzo moja tu, na Kamande alinyonya funzo hilo pamoja na maziwa ya mama: anayeshuku ndiye anayelala njaa.

Karatasi zilisema Uingereza, kwa sababu ya udugu wa zamani, inachukua familia zilizoondolewa mashambani mwao Bonde la Ufa. Kila familia ingepewa nyumba na kipande cha bustani. Kila kichwa kilihitaji ada, na kwao wanne, yaani wao wawili, Natalie aliyekuwa kidato cha pili na Mburu wa darasa la tano, ilifika laki moja na themanini. Pesa hizo hawakuwa nazo. Walichokuwa nacho ni ekari mbili na nusu kule Molo, zenye mawe ya msingi wa nyumba iliyochomwa, mabati yaliyokunjamana kwa moto, na nyasi. Dalali mmoja, Micah, alikuwa tayari ameshapata mnunuzi wa laki mbili.

"Alhamisi ya tarehe kumi na sita mwezi ujao bodi ya ardhi inakaa," Kamande alisema. "Lazima uwe hapo. Bibi asiposema kwa mdomo wake amekubali, bodi haipitishi."

Nyakio alizitazama karatasi muda mrefu. Shamba lile alilima yeye. Kamande alikuwa akipeleka viazi sokoni na kurudi na hadithi, lakini aliyejua wapi maji husimama na wapi udongo ni mwepesi ni Nyakio. Alisema hana neno, ila jambo kubwa hivi haliendewi mbio. Amuulize kwanza yule mama wa Leicester.

"Nitamuuliza," Kamande alisema. "Si yuko huko huko."

*

Barazani Kamande alijulikana kama Mkulima wa Molo. Aliweka swali lake, akalipia nusu saa, akangoja. Jibu halikuja siku ile. Lilikuja Jumatatu, akalisoma Jumamosi iliyofuata, na aliporudi nyumbani alikuwa amelinakili lote kwenye kipande cha gunia la simiti, kwa kalamu.

Mama Leicester alimwandikia asitume hata senti. Alisema kwa Waingereza neno settlement halina uhusiano na shamba, ni ruhusa tu ya mgeni kuishi bila kufukuzwa, na watu huingoja miaka. Ofisi ya serikali haiwezi kutumia anwani ya bure ya barua pepe. Na ile namba ya simu kwenye karatasi, iliyoanza na 44 kisha 70, haikuwa namba ya mji wowote. Ni namba ya kukodi, inayoweza kupokelewa na mtu aliyekaa popote duniani, Leicester au Nairobi.

Chini yake watu walikuwa wamemshukia. Mmoja alisema huyu mama ameshapanda juu, sasa anavuta ngazi. Mwingine alisema anaogopa Wakenya wakifika watamnyang'anya kazi ya kuosha wazee. Kamande alisoma hayo pia, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hawa wanaomtusi wako Kenya kama mimi," alisema. "Yeye anaamka huko, analala huko. Nitabishana aje na mtu anaona kwa macho yake?"

Akazikunja zile karatasi mbili, akazisukuma chini ya godoro. Alisema Jumatatu atampigia Micah amwambie mambo yamekwama. Ilimuuma, hilo lilionekana, na Nyakio alimhurumia. Lakini furaha aliyoipata ilikuwa kubwa kuliko huruma. Mwili ulimlegea kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Furaha ndiyo iliyomponza. Kesho yake walipotoka kanisani, watoto wakiwa nje na chai ikiwa mbele yao, aliona mumewe bado ana kinyongo kidogo, akataka kukimaliza. Kwa Nyakio, neno la mtu unayemjua lilikuwa zito mara kumi kuliko la mtu usiyemjua. Ndivyo alivyolelewa. Aliona ana zawadi mkononi, na hakuona sababu ya kuificha.

"Baba Natalie, huyo mama mimi namjua."

"Unamjua aje?"

"Ni Anti Daksha, dada ya Paresh. Huwa anaandika pale korido nikipiga deki. Ni mtu wa ukweli, hawezi kukudanganya."

Kamande alikiweka kikombe chini.

"Kumbe yuko hapa?"

"Yuko Milimani."

"Hata saa hii?"

"Hata saa hii," alisema Nyakio, na hapo ndipo alipouona uso wa mumewe ulivyobadilika.

Kamande hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Alicheka kidogo puani, akasema kumbe watu wote wale Barazani, pamoja na yeye, wamekuwa wakimpigia magoti mtu anayekunywa chai kilomita nne kutoka Kaptembwo. Nyakio alijaribu kumweleza kwamba Daksha alikaa huko miaka kumi na minne na aliyoyasema ameyaona. Lakini alikuwa kama anayejaribu kuirudisha mvua mawinguni. Jana maneno yale yalitoka Uingereza. Leo yalikuwa ya Milimani, na maneno ya hapa Nakuru hata Kamande alikuwa nayo.

"Nataka nimuone," alisema. "Aniambie kwa macho."

*

Alikuja Jumanne saa nne, na viatu vyake vya mjengo. Kavita, mke wa Paresh, hakumkaribisha ndani. Alimwacha kwenye baraza la nyuma karibu na mtungi wa gesi, kisha akamwambia Nyakio alete gazeti amtandikie asimame juu yake, kwa kuwa sakafu imetoka kuoshwa. Nyakio alilitandika gazeti lile mbele ya miguu ya mumewe. Walikuwa wameoana miaka kumi na saba. Hakumtazama, naye hakumtazama, na Kamande akapanda juu ya gazeti akasimama.

Daksha alitoka akijipangusa mikono kwa ncha ya sari. Alipoambiwa huyu ndiye Mkulima wa Molo, alitabasamu kwanza, kama mtu aliyekutana na rafiki wa kalamu. Akamweleza yote upya, polepole. Alimwambia settlement ya huko ni muhuri kwenye pasipoti tu.

"Hata hapa shamba ni muhuri," Kamande alisema. "Title bila muhuri ni karatasi."

Daksha akamweleza habari ya namba. Kamande akasema alienda kwa watu wa simu akauliza, wakamwambia 44 ni Uingereza. Daksha akasema ni kweli 44 ni Uingereza, ila hiyo 70 inayofuata ndiyo yenye ujanja. Kamande alimtikisia kichwa taratibu, kwa adabu, kama anavyotikisa mtu anayemsikiliza muuza dawa za miti sokoni.

"Anti, nikuulize kitu kimoja tu," alisema. "Ulikaa huko miaka kumi na nne. Kama hakuna kitu, ulikuwa unakaa ukifanya nini? Na kama kuko sawa, mbona uko hapa?"

Kavita alikuwa amesimama mlangoni na shada la funguo mkononi, na ndani alisikika Paresh akikohoa. Nyakio aliyekuwa kando ya sinki alimtazama Daksha, akamwomba kwa moyo wote, bila kufungua kinywa, aseme. Alijua kiasi fulani. Aliwahi kusikia simu, aliwahi kuokota barua za mawakili zilizochanwa. Kama mwanamke yule angesema, mume wangu aliniacha, nilifanya kazi kiwandani hadi viganja vikapasuka, nimerudi bila kitu, Kamande angemwamini. Masikini humwamini aliyeumia.

Daksha alimtazama Kavita, kisha akaitazama sakafu.

"Niko likizo," alisema.

"Likizo," Kamande alirudia. "Bibi yangu ako hapa miezi saba. Akikuja, alikupata."

Akashukuru, tena vizuri, akashuka kutoka kwenye gazeti na kuondoka. Daksha alibaki pale baraza. Kavita alipokwisha kuingia ndani alimnong'oneza Nyakio kwamba hangeweza, si mbele ya wale. Nyakio aliliokota gazeti lenye nyayo mbili za simiti akalikunja. Kwa mara ya kwanza alimchukia mwanamke yule. Na chuki hiyo haikumpa nafuu yoyote, kwa sababu alijua vizuri ni nani aliyefungua mdomo Jumapili juu ya chai.

*

Jioni ile ile Kamande alipitia saiba na kuandika Barazani: Mama Leicester yuko Nakuru. Ni Mhindi wa Milimani, anaandikia koridoni kwa ndugu yake. Muulizeni likizo yake inaisha lini.

Watu walicheka siku mbili mfululizo. Waliomtukana mwanzo walisema si tuliwaambia. Waliomshukuru walinyamaza. Mmoja wa watu wa hekaluni, ambaye kumbe naye alikuwa msomaji, alimpelekea Paresh habari dukani. Alhamisi kompyuta iling'olewa koridoni ikapelekwa dukani, na Ijumaa Kavita alimhesabia Nyakio siku zake, akamwambia asije tena, kwa kuwa nyumba yake haitaki mtu wa kubeba maneno. Mlango wa chumba cha Daksha ulikuwa umefungwa. Nyakio alisimama mbele yake kidogo, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo jina la Mama Leicester halikuonekana tena Barazani.

"Umeniandika dunia nzima isome," alimwambia mumewe.

"Nimeandika ukweli."

"Kila mtu mwaka huu anaandika ukweli," Nyakio alisema, "na mimi ndio sina kazi."

Kamande alijibu swali jingine, ambalo hakuulizwa. Alimuuliza mkewe kama anataka warudi kule, walale wakisikiliza mbwa, wangoje uchaguzi mwingine. Alimkumbusha stoo ya viazi ilivyoungua siku mbili, na kwamba walipopita barabarani na watoto walisikia harufu ya viazi vya kuchoma, na Mburu akasema ana njaa. Alisema anajua huenda karatasi zile ni uongo. Ndiyo, alisema hivyo, huenda. Lakini baba yake naye hakuwa na uhakika alipouza kondoo. Kisha akaanza kufungua kamba za viatu.

*

Tarehe kumi na sita Molo ilikuwa na ukungu. Watu wa bodi walikuwa wamekaa nyuma ya meza ndefu, makoti yakiwa yamefungwa hadi shingoni, na waliokuja kuuza walipanga foleni ukutani. Ilikuwa foleni ndefu. Wengi walitoka upande mmoja wa mapigano ya Januari, waliojua kuwa hawatarudi, na wanunuzi walisimama kando wakizungumzia bei ya mbolea. Micah alikuwa akizunguka na bahasha kwapani.

Walipoitwa, mwenyekiti wa bodi, mzee mwenye sauti ya upole, aliisoma hati, akamruka Kamande, akamtazama Nyakio.

"Mama, wewe ndiye bibi?"

"Ndiyo mimi."

"Unajua hii shamba inauzwa?"

"Najua."

"Mna ingine?"

Nyakio alisema hawana. Mzee aliivua miwani yake. Alimwambia kwamba yeye kazi yake ni kuuliza tu, lakini leo ameuliza watu wengi, na angependa mama huyu afikirie kabla hajajibu. Akisema hapana, hati inarudi kwa mwenyewe na hakuna mtu wa kumgusa. Amekubali, au amelazimishwa?

Hakuna aliyewahi kumpa Nyakio nafasi kubwa hivyo. Chumba kizima kilimngoja. Kamande alikuwa akitazama viatu vyake, ambavyo alikuwa amevipaka rangi asubuhi ile, na Nyakio alijua akisema hapana mumewe atainama hivyo hivyo hadi siku ya kufa. Alijua pia kwamba Daksha alisema kweli. Alilijua hilo kabisa. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo jingine ambalo hakuwa amemwambia mtu, na aibu yake ni hiyo: hakutaka kurudi. Alilipenda shamba, na aliliogopa. Wiki zile zote, alipokuwa akizitazama zile karatasi, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imeuona mlango wa nyumba huko Uingereza, mlango mdogo tu wa rangi ya kijani, ambao hakuna mtu angekuja kuuchoma. Aliutaka mlango ule hata kama haupo.

"Nimekubali," alisema.

Mzee alivaa miwani yake. Muhuri uligongwa mara mbili.

*

Pesa zilitumwa wiki hiyo hiyo, kwa jina la mtu aliyejiita Mista Whitlock. Mista Whitlock alipokea simu mara tatu. Mara ya kwanza aliwapongeza. Mara ya pili alitaka elfu ishirini za daktari wa kuwapima mapafu, na zikatumwa, ndizo zilizokuwa zimesalia. Mara ya tatu alisema wasubiri. Baada ya hapo sauti ya mwanamke ikawa inawaambia kwa Kiingereza kitamu kwamba namba waliyopiga haipo. Kamande alisema ni mtandao. Akajaribu kwa simu ya jirani, akajaribu kwa simu ya kibandani, akajaribu akiwa amesimama mahali pa mwinuko. Mwisho wa Novemba aliacha kujaribu, na hakusema kwamba ameacha.

Natalie alirudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo, akaanza kufua nguo za watu na mama yake. Hakuna aliyemlaumu mwingine kwa sauti. Chumba kilikuwa kidogo mno kwa lawama. Lawama ikianza hapo, mtu hana pa kutokea.

Jumamosi moja mchana Kamande alimwomba Nyakio waende saiba pamoja. Hakusema kwa nini. Nyakio alimfuata, akaketi kando yake kwenye benchi, mbele ya kioo kilichojaa alama za vidole. Barazani habari ya setelementi ilikuwa bado hai. Juu kabisa palikuwa na swali la asubuhi ile, lililoandikwa na mtu aliyejiita Jepchumba wa Kuresoi. Alisema ana watoto watatu na mama mkwe mgonjwa, nyumba yao ilichomwa mwezi wa kwanza, na amepata mtu wa kununua shamba. Bodi ni Alhamisi. Je, kuna anayejua kama skimu hii ni ya kweli? Amemtafuta Mama Leicester, hamwoni.

Kamande alilitazama lile jina, Jepchumba, na Nyakio naye akalitazama. Lilikuwa jina la kabila la upande ule mwingine. Mwezi wa Januari jina kama lile na jina kama lao hayakuweza kukaa barabara moja. Nyakio alidhani mumewe atafunga ukurasa. Badala yake alianza kuandika, kwa kidole kimoja.

Aliandika kwamba ni wizi, yeye ameliwa, ameuza shamba lake lote. Majibu yalikuja haraka, maana Jumamosi Barazani hakukosi watu. Wewe Mkulima si ndiwe uliyemfukuza Mama Leicester, umegeuka leo? Umekosa ada, sasa unaonea wenzako wivu. Mwingine alimuuliza, wewe umekaa Kaptembwo unayajulia wapi ya Uingereza? Jepchumba mwenyewe aliandika tu kwamba watu wanasema hivi na hivi, hajui amwamini nani, labda ajaribu bahati yake.

Kamande aliegemea nyuma. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, na Nyakio alimshika goti, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu mwezi wa tisa. Kisha Kamande akainama, akatoka Barazani, akaingia upya, na pale palipotaka jina akaandika jina jipya: Baba Leicester.

Aliandika kwamba yuko Uingereza mwaka wa kumi na tano sasa. Ameenda mwenyewe hadi kwenye ofisi inayotajwa. Hakuna skimu, hakuna nyumba, hakuna bustani. Hakuna aliyemtukana safari hii. Mmoja aliandika, asante mkubwa kwa kutuonea huko. Jepchumba naye akauliza, lakini kwa woga kidogo, kama anayetaka hakika:

"Uko huko kweli? Kukoje?"

Vidole vya Kamande vilisimama hewani. Alimgeukia mkewe.

"Kukoje?" alimuuliza.

Nyakio hakujua kukoje. Mlango wa kijani aliuona kichwani tu. Akatafuta cha kusema, akapata kitu kimoja.

"Mwambie kuna baridi."

Kamande akaandika kuna baridi. Nyakio akamwambia aongeze kwamba asubuhi ukungu hautoki hadi saa nne, na ng'ombe wakipumua unaona mvuke. Kamande akaandika, akaendelea mwenyewe bila kuambiwa: kwamba mvua ikinyesha udongo unakuwa mweusi na kuganda kwenye jembe, kwamba viazi vya huko ni vikubwa na ukivichimba vinakuwa baridi mkononi, kwamba jioni moshi hauendi juu, hulala tu juu ya mashamba ya chai na pareto. Aliandika kwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yakimtoka Nyakio na hakuyafuta, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekuwa akiwatazama.

Jibu lilichelewa kidogo.

"Baba, hiyo yote iko hata huku kwetu," Jepchumba aliandika.

"Ndiyo," akajibu Kamande. "Ni kama kwenu. Usiuze."